Yeye anataka ukimya, mimi nataka muziki: twende kisiwa gani fungate?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Mwanza, Jumamosi tarehe 22 Agosti 2026. Tumetenga milioni nne za fungate, nauli kando, na tuna usiku saba tu kabla ya kurudi kazini. Mwenzangu anataka kisiwa kimya, bahari na kitabu chake. Mimi nikikaa siku mbili bila muziki naumwa, na siolewi ili nikalale saa mbili usiku! Rafiki zetu kila mmoja ana lake: Pemba, Mafia, Lamu, wengine Shelisheli. Kisiwa gani kina mahaba lakini usiku pia kuna pa kwenda?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na jibu, sababu zitafuata: nendeni Unguja. Sisemi hivyo kwa kuwa ni kwetu, ingawa ni kwetu. Ukiilinganisha na visiwa vyote ulivyotajiwa, ni Unguja yenye ufukwe ambao saa tatu usiku husikii ila mawimbi, na kwa mwendo wa nusu saa wa gari unafika ufukwe mwingine ambao saa tatu usiku watu ndiyo kwanza wanaoga wajiandae kutoka.

Maharusi wengi wenye mvutano kama wenu hutafuta hoteli ya katikati: kimya kidogo, muziki kidogo. Wakiipata, mwenye kitabu halali na mwenye kupenda dansi hachezi. Msigawane kila usiku nusu kwa nusu. Gawaneni siku. Zake ziwe zake kweli, na zako ziwe zako kweli, na nyote wawili mkae kwa mwenzenu kama mgeni mwema.

Neno fungate lenyewe asili yake ni saba. Zamani maharusi walikaa ndani siku saba, wakipikiwa na kuletewa kila kitu, wala hawaonekani barazani. Kwa hiyo usiku wenu saba ni kipimo kilekile cha wazee, ila wewe wa sasa unataka kutoka ukacheze. Hakuna ubaya.

Sasa hivyo visiwa vingine. Pemba nimeikosea mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii ya kuwapangia maharusi fungate nilimpeleka huko bwana harusi mmoja mpenda muziki, kwa sababu nilisikiliza upande wa mkewe tu. Siku ya tatu akanipigia simu: "Mama, huku hata jogoo wanalala mapema." Pemba ina mashamba ya mikarafuu, ina kisiwa cha Misali chenye matumbawe ambayo hutayasahau, na ina watu wakarimu, lakini usiku wake ni wa kulala. Mafia ni hivyohivyo. Tena wengi huenda Mafia kumwona papa potwe, na yeye huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Agosti mtamkosa.

Lamu nitakuwa mkweli: kwa mahaba tupu inaishinda Unguja. Vichochoro, punda, vilima vya mchanga vya Shela, jahazi jioni. Lakini kutoka Mwanza ni safari ndefu ya kupitia Kenya, sehemu za kunywa na kucheza zinahesabika, na wiki yenu itaangukia Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Lamu katika Mfunguo Sita ina dufu na kasida, na kuna watu husafiri mbali kuzifuata, ila naona si usiku unaoutafuta wewe. Shelisheli ni nzuri, La Digue watu wanazunguka kwa baiskeli, lakini milioni nne hazitawafikisha usiku wa saba. Na kabla mtu hajakwambia Mombasa: ndiyo, Mombasa nayo ni kisiwa, watu husahau, na usiku wake unajulikana. Shida yake ni kwamba fukwe za kuogelea ziko nje ya kisiwa, Nyali na Bamburi kwa upande mmoja, Diani kwa upande mwingine.

Basi Unguja. Ila "Unguja" peke yake haijawa jibu, kwa sababu kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na kila upande una tabia yake. Kinachoamua tabia hiyo, hasa kwa tarehe zenu, ni upepo na mwezi.

Agosti ni kusi. Upepo unavuma kutoka kusini-mashariki na kupiga pwani yote ya mashariki: Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe. Ndiyo maana Paje imejaa watu wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, wanaupenda upepo huo. Wewe ukilala mchangani na kitabu, unakula mchanga. Pwani ya kaskazini-magharibi, yaani Kendwa na upande wa machweo wa Nungwi, imepewa mgongo na kisiwa chenyewe. Bahari yake Agosti ni kama sahani.

Upande wa mashariki pia maji hupwa mbali mno. Yakipwa, unatembea mamia ya mita kabla hujalowa magoti, unakutana na akina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Kupendeza kunapendeza, lakini kuogelea hakuna. Kendwa ufukwe unashuka kwa haraka, kwa hiyo mnaogelea asubuhi, mchana na jioni. Mabango ya matangazo hayakwambii hili, kila picha hupigwa maji yakiwa yamejaa.

Mwezi utakuwa mpevu Ijumaa tarehe 28 Agosti. Siku za mwezi mpevu ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Shika hesabu hiyo, nitairudia.

Sasa ratiba yenu kama ningeipanga mimi.

Jumapili ya tarehe 23 msisafiri. Najua mnaona mtaokoa siku, lakini baada ya kamati, kitchen party, send-off na harusi yenyewe, mtafika mkiwa maiti wawili. Lala, agana na wageni. Jumatatu tarehe 24 pandeni ndege Mwanza hadi Dar, kisha boti ya mchana, karibu saa mbili baharini. Kwenda kwa boti wakati wa kusi si vibaya, maana upepo unawasukuma kutoka nyuma. Kurudi Dar ndiko mnapanda mawimbi kichwa-kichwa, na nimeona maharusi wakimaliza fungate na mfuko wa plastiki mdomoni. Kwa hiyo nendeni kwa boti, rudini kwa ndege, ni dakika 20 tu angani. Vitambulisho vya taifa msivisahau.

Usiku wa kwanza laleni Mji Mkongwe. Vyumba vya mjini kwa kawaida ni nafuu kuliko vya ufukweni, na hamtakuwa na nguvu ya kwenda mbali. Jioni kaeni kwenye baraza la Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza enzi za ukoloni, mtazame jua likizama. Kisha shukeni Forodhani mle mkiwa mmesimama: urojo, mishkaki, maji ya muwa yenye ndimu na tangawizi. Ile wanayoiita pizza ya Zanzibar si pizza, ni chapati iliyojazwa mayai na nyama, usiingie na matumaini ya Italia. Mkibahatika kukuta taarabu, acheni kila kitu. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, na kuna chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi ambacho hufanya maonyesho yake. Huo ni muziki ambao wewe utapata wako na mwenzio naye atapata utulivu wake, sijui mwingine unaoweza.

Tahadhari moja: Maulidi mwaka huo itaangukia tarehe 25 au 26 Agosti, kutegemea kuandama kwa mwezi. Mkesha wake unaweza ukawa usiku huohuo wa kufika kwenu au unaofuata. Mji utajaa kanzu nyeupe, harufu ya udi na sauti za kasida. Usitafute baa usiku huo, utajidhalilisha. Jifungeni vizuri, wewe mtandio kichwani, tembeeni msikilize. Wageni wengi hulipa pesa nyingi wasikute kitu kama hicho.

Jumanne hadi Ijumaa asubuhi, usiku tatu, ni za mwenzio. Mpeleke Michamvi, upande wa Kae. Rasi ya Michamvi iko mashariki, lakini Kae imegeukia magharibi, ndani ya ghuba ya Chwaka, kwa hiyo kusi inapiga mgongo wa rasi na ninyi mko upande wa kivuli. Jua mnaliona linazama ng'ambo ya ghuba, jambo ambalo kwa pwani ya mashariki ni nadra. Kuna nyumba ndogo za wageni, mikoko, ngalawa za kukodi jioni, na ukimya ambao utakufanya usikie saa yako ya mkononi. Siku hizo maji yatakuwa yanapwa asubuhi na kujaa alasiri, basi asubuhi aachwe na kitabu chake, alasiri mwogelee. Upande wa pili wa rasi, Pingwe, kuna ule mgahawa maarufu juu ya jiwe, The Rock. Maji yakipwa mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua. Ni ghali na lazima uweke nafasi mapema. Nenda mara moja kwa ajili ya picha, usiufanye jikoni kwenu.

Na wewe je, usiku tatu bila muziki? Paje iko chini ya nusu saa kwa gari. Baa za ufukweni pale zimegawana siku za wiki: leo muziki uko kwa huyu, kesho kwa yule. Siku zenyewe hubadilika, kwa hiyo usinitake nizitaje, muulize dereva wa teksi, anajua kuliko mtandao wowote. Nenda usiku mmoja, Jumatano au Alhamisi, rudini kabla ya saa saba. Utakuwa umepoza kiu. Patana na dereva nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda na umchukue namba, maana daladala usiku hakuna.

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 28, mwamshe mwenzio saa kumi na moja na nusu. Mwezi mpevu utaanza kupatwa, utamegwa polepole ukiwa upande wa magharibi, juu ya ghuba, na utazama ukiwa bado umemegwa. Kae mtakuwa mmeuelekea usoni kabisa. Sikupanga mimi, tarehe yenu ya harusi ndiyo imepanga.

Ijumaa mchana hamieni Kendwa. Ni safari ya saa mbili hivi, na msiipange katikati ya sala ya Ijumaa kama mnataka kununua kitu njiani. Kendwa ni yako: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kila mwezi kuna sherehe ya mwezi mpevu pale hoteli ya Kendwa Rocks, Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu. Kwa hesabu hiyo yenu ni Jumamosi tarehe 29, ila kabla hujalipia chumba piga simu uhakikishe. Mlangoni kuna kiingilio. Ukifika saa tatu utakuta ngoma na sarakasi na watu wachache, shughuli hupamba moto baada ya saa sita na huendelea hadi kunakucha. Ijumaa na Jumapili mnaweza kwenda Nungwi, karibu kilomita tatu, ambako baa za ufukweni zina muziki bila kungoja mwezi. Mchana mtazameni mafundi wa majahazi wakichonga mbao. Mwenzio atapenda.

Sasa ile hesabu ya maji. Watu hulala Nungwi kwa sababu ya bei, wakasema watatembea ufukweni hadi Kendwa. Jumamosi hiyo mtaondoka saa nne au saa tano usiku, maji yamekupwa, mchanga mpana, mbalamwezi tele, mahaba matupu. Mtarudi saa kumi alfajiri mkute bahari imejaa hadi kwenye mawe, njia hakuna. Nimewahi kupigiwa simu na wageni wakiwa wamekaa juu ya jiwe wanangoja maji. Isitoshe, ule ufukwe usiku si wa kutembea watu wawili wenye simu mfukoni. Laleni Kendwa kwenyewe, lakini si ukuta kwa ukuta na muziki. Ukipiga simu uliza swali hili: "Usiku wa sherehe, chumbani kwenu muziki unasikika?" Wakijibu "kidogo," elewa unasikika sana. Tafuta upande wa kusini wa ufukwe, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu, ili mwenzio akichoka saa saba umrudishe, halafu muamue pamoja kama mnarudi.

Usifanye kama wale maharusi wa Dodoma waliochukua Paje usiku saba wakidhani watakwenda sherehe ya Kendwa na kurudi. Ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na teksi ya alfajiri ikawatoza karibu bei ya chumba. Kisiwa kinaonekana kidogo kwenye ramani.

Kuhusu pesa. Milioni nne kwa usiku saba ni kama laki tano na sabini kwa siku, kila kitu ndani ila ile nauli mliyoiweka kando. Agosti ni msimu wa juu, Waitaliano wako likizo na hoteli zinajua. Zinatosha kwa nyumba za wastani safi, hazitoshi kwa hoteli kubwa za Nungwi, na hamzihitaji. Kila mnapopiga simu ulizeni bei ya mkaazi, kwa shilingi, wala msione haya, tofauti yake na bei ya mgeni inaweza kuwa kubwa. Msichukue kifurushi cha milo yote na vinywaji vyote. Ukishalipia chakula cha jioni hotelini utajisikia mjinga kukila kwingine, na hapo usiku wenu umefungwa kwenye ukumbi mmoja na watu walewale. Chukueni chumba na kifungua kinywa. Kendwa ya tarehe hizo iwekeni nafasi mapema kabisa, Michamvi inaweza kungoja kidogo.

Mambo ya heshima unayajua, lakini nakukumbusha kama mama. Nguo za kuogelea ni za mchangani, ukivuka kuingia kijijini jifunge khanga. Kukumbatiana barabarani hapana, hata kama ndoa ina siku tatu. Na kwa kuwa ninyi ni Watanzania, bebeni nakala ya cheti cha ndoa. Nyumba nyingine za wageni, hasa ndogo na za mjini, huwauliza wenyeji wanaokuja wawili wawili, na si jambo la kupendeza kujieleza mapokezi saa tano usiku ukiwa bado na hina mikononi. Kama cheti chenyewe kitachelewa kutoka, ombeni barua kwa aliyewafungisha ndoa.

Mwisho wa maswali yako ulisema rafiki zako kila mmoja ana lake. Watakutana nanyi tena ufukweni kwa sura ya mapapasi, wale vijana watakaowauzia safari ya kisiwa kidogo cha Mnemba, viungo, pomboo na bangi kwa pumzi moja, wengine kwa Kiitaliano safi wakidhani mmetoka mbali. Bangi ni jela, hapana. Safari za bahari wekeni kupitia mwenye nyumba mnayolala, na kama mna moja tu ya kuchagua, acheni Mnemba, iko upande wa mashariki na kusi itawachapa njia nzima. Chukueni jahazi la machweo Kendwa, Jumapili jioni, mkiwa mmelala mchana kutwa baada ya sherehe. Siku hiyo maji yatakuwa yamejaa kuanzia saa kumi na moja.